Msiisingizie barabara, samaki wenu walishauawa jana yake

Haya jamani, wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Hii niliiongea mbele ya wafugaji wenzangu na nimeiandika kama ilivyotoka mdomoni, kwa hiyo mkiona sentensi inakimbia bila kupumua mjue ndivyo nilivyokuwa naongea.

Nianze na swali. Nani hapa ameshapokea vifaranga wa samaki wakafika wazima wote, akahesabu, akafurahi, akalipa, alafu siku ya tatu anaamka anakuta bwawa limejaa matumbo meupe yanaangalia juu? Nyoosheni mikono bila aibu. Eeh, naona. Na mama pale nyuma umenyoosha miwili, pole sana.

Sasa ulipouliza uliambiwa nini? Dereva alikimbiza gari, barabara mbovu, jua kali. Mi nimesafirisha samaki hai miaka mingi, nimeitwa muuaji na watu wazima na akili zao, na leo nimekuja kuitetea barabara. Samaki wengi wanaofia mikononi mwetu hawauawi na safari, wanauawa na tulichowafanyia siku moja kabla hawajapanda gari na kile tunachowafanyia saa ile ya kuwashusha, safari yenyewe inakuja tu kukamilisha kazi ambayo mtu alishaianza.

Tuanze na tumbo. Ukimpa samaki chakula leo jioni ukampakia kesho asubuhi umepakia na choo chake. Na choo ni sehemu ndogo ya tatizo, manake kile chakula chenye protini kikisagwa mwilini mwa samaki kinatoa amonia, na samaki hasubiri kwenda haja kuitoa amonia, anaitoa kupitia matamvua yake muda wote anapohema. Bwawani hauioni, maji ni mengi. Kwenye mfuko wenye lita 6 za maji ni kama watu mia wamefungiwa chumba kimoja na jiko la mkaa. Ndio maana tunawafunga kula, vifaranga siku nzima, yaani masaa 24, wakubwa siku mbili. Hawafi njaa, samaki si kuku, damu yake inafuata joto la maji na anaweza kukaa bila kula muda ambao wewe ungeshaomba talaka.

Ila kambare ni habari nyingine. Kambare mdogo ukimfunga kula sana anamgeukia jirani yake, na kwenye mfuko jirani yuko karibu kweli. Kwa hiyo kambare kwanza unawachambua, wakubwa kando wadogo kando, na kufunga kula usizidishe. Nimeshafungua mfuko wa kambare ambao hawakuchambuliwa, nikakuta wachache wanene wana matumbo kama puto na mikia inawatoka mdomoni. Idadi haikutimia na wala sikuwa na wa kumlaumu.

Na wakati wanafunga kula wasibaki kule bwawani kwenye tope. Wavuliwe, wawekwe kwenye hapa, yaani ule wavu ulioshonwa kama boksi unaotundikwa majini, au tenki lenye maji safi yanayotembea, wakae humo hiyo siku nzima. Hii hatua watu wanairuka sana kwa sababu inachukua siku na mteja anapiga simu, lakini ndio inayookoa kuliko zote. Samaki aliyekokotwa na kokoro amekimbia mpaka misuli imejaa asidi, amekwaruzwa, amemeza tope. Ukimpakia hapo hapo umempakia mgonjwa. Ukimwacha siku moja anatulia, anatoa uchafu, na wale walioumia sana wanafia pale pale kwako unawatoa. Muuzaji mjanja hapendi hii, kwa sababu wale wanaofia kwenye hapa ni hasara yake na wale wanaofia kwenye bwawa lako siku ya tatu ni hasara yako. Nimeliweka wazi hilo, mnielewe vizuri mkienda kununua. Uliza: hawa wamevuliwa lini? Akikujibu wamevuliwa asubuhi hii wabichi kabisa, hapo usifurahi. Ubichi ni sifa ya samaki wa kukaanga.

Alafu ute. Ule utelezi wa samaki unaotuchukiza mikononi ndio ngozi yake ya nje, ndio ngao. Ukimshika na mkono mkavu, ukimwaga kwenye ndoo ngumu, ukitumia wavu wenye mafundo makali, ukijaza wavu mpaka wa chini wanabanwa na wa juu, unamvua ngao. Haoni damu wala wewe huoni kidonda, ila bakteria na fangasi ambao wako kwenye kila maji wanaona mlango uko wazi. Wanachukua siku mbili tatu kuingia na kuzaliana. Ndio hiyo siku ya tatu yenu! Unaona mdomo umekuwa mweupe, mapezi yameliwa pembeni, au kuna manyoya kama pamba yanaota ubavuni. Ukiona hivyo rudisha akili nyuma, mtu alimkwaruza huyu samaki kabla hajapanda gari, au alipokuwa anashuka.

Sasa maji yenyewe. Kuna hesabu moja naomba mwondoke nayo. Maji ya nyuzi joto 20 yakishiba hewa yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu. Yaani maji yakipata joto stoo inapungua. Wakati huo huo samaki akipata joto mwili unachangamka, kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka matumizi yake ya oksijeni yanakaribia mara mbili. Stoo inapungua na wateja wanaongezeka, sasa hiyo biashara inaishaje? Kwa hiyo safari ni usiku au alfajiri, na kama lazima mchana basi barafu. Barafu uifunge kwenye chupa au mfuko wake, usiimwage kwenye maji ya samaki, hujui imetengenezwa na maji gani, kama ni ya bomba yana klorini na klorini inaunguza matamvua. Hayo maji ya bomba yenyewe ukiyatumia yaache siku nzima yakipigwa hewa, na kama mamlaka yenu ya maji inatumia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, kuyaacha tu haitoshi, inabidi dawa ya kuiondoa. Na baridi nayo isiwe sifa. Trauti anapenda baridi, tilapia hapendi, tilapia ukimshusha ghafla chini ya nyuzi 16 unamuumiza na karibu na 10 hivi unampoteza. Mimi tilapia nawabeba kwenye nyuzi 22 mpaka 24 na naridhika, na kuwashusha kutoka 28 kuja 23 nafanya polepole.

Chumvi. Kuna mtu aliniambia chumvi ni uchawi wa wazee, hapana, sio uchawi. Damu ya samaki wa mito na maziwa ina chumvi kama gramu 9 kwa lita na maji anayoishi hayana chumvi karibu kabisa, kwa hiyo muda wote maji yanajipenyeza kuingia mwilini na chumvi inatoka, na yeye anafanya kazi ya kusukuma maji nje kama mtu anayekumba mtumbwi unaovuja. Akiwa ametulia anaweza. Akiwa na stresi na ute umetoka, mtumbwi unavuja zaidi. Ukiweka chumvi gramu 3 kwa lita, yaani kilo 3 kwa tenki la lita 1,000, ule mvujo unapungua na samaki anabaki na nguvu ya kuhema. Chumvi tupu ya kawaida, ikiwa ya mawe iyeyushe kwanza kwenye ndoo, usiitupe juu ya samaki.

Niwaonyeshe mfuko, manake hapa ndio watu wanakosea wakidhani wanajua. Unachukua mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwenzie. Zile kona mbili za chini unazipinda na kuzifunga na rababendi mpaka chini inakuwa ya mviringo, kwa sababu kifaranga akiingia kwenye kona kali wenzake wanamlalia anafia humo. Unaweka maji robo au theluthi ya mfuko, sio nusu, maji mengi hayamsaidii samaki, kinachomsaidia ni oksijeni iliyo juu ya maji. Unaweka samaki. Alafu, na hapa nisikilizeni, unakamua mfuko hewa yote ya kawaida itoke mpaka nailoni iguse maji, ndio unaingiza mpira wa mtungi na kuachia oksijeni. Nimeona watu wanaongeza oksijeni juu ya hewa iliyokuwemo, hiyo umechanganya maziwa na maji, hewa ya kawaida oksijeni ni asilimia 21 tu, na wewe umelipia mtungi wa oksijeni safi. Mfuko ukituna unasokota shingo, unaikunja, rababendi ya kwanza, unakunja tena, ya pili. Ukiubonyeza na kidole unarudi taratibu. Usiujaze mpaka ulie kama ngoma, ukipanda mlima au ukipakiwa kwenye ndege presha ya nje inashuka na mfuko unatuna zaidi, nao unapasuka. Ukishafunga ulaze ubavu kwenye boksi, usiusimamishe, ukilala uso wa maji unakuwa mpana na oksijeni inaingia vizuri. Tilapia wakubwa kidogo wenye miiba mgongoni hawafai mfuko kabisa, wanatoboa, hao ni wa tenki.

Wangapi kwa mfuko? Najua mnasubiri namba na sitawapa, kwa sababu inategemea ukubwa, joto, na masaa. Kifaranga mdogo kwa kila gramu ya mwili anatumia oksijeni nyingi kuliko samaki mkubwa, kwa hiyo kilo moja ya vifaranga si sawa na kilo moja ya samaki wawili watatu. Fanyeni hivi: siku chache kabla ya safari funga mfuko mmoja kwa idadi unayofikiria, uweke kivulini nyumbani kwa masaa ya safari yako ongeza na manne ya kuharibikiwa gari, alafu fungua uhesabu. Mfuko mmoja wa majaribio unakuambia zaidi ya jedwali la mtu ambaye hajawahi kuona gari lako.

Kwenye tenki mwanzo mwanzo nilikuwa nabeba kilo moja kwa lita 10 na sijutii. Tenki lijazwe maji mpaka karibu na kifuniko, likiwa nusu maji yanapiga huku na huku na samaki wanabamizwa ukutani kila breki. Oksijeni ifunguliwe kabla samaki wa kwanza hajaingia, manake nusu saa ya kwanza hadi saa moja baada ya kupakia ndio wanahema kuliko muda wowote wa safari, wamekimbizwa, wamebebwa, wana deni la pumzi. Usiondoke. Kaa pale na tochi uwaangalie, wakitulia chini ondoka, wakija juu midomo nje ongeza oksijeni au punguza samaki. Dereva anayepakia dakika kumi na kupiga honi huyo mnyimeni kazi. Na ukiona povu zito juu ya maji halitoki, hilo ni ute na uchafu, maji yanakuambia yamechoka.

Sasa nikiishia hapo nitakuwa muongo, barabara nayo ina makosa yake, au tuseme mimi nikiwa barabarani. Kuna siku nilikuwa na tenki la samaki wakubwa na pampu ya hewa nilikuwa nimeiunganisha na umeme wa gari, injini ikizima nayo inazima. Nikasimama kunywa chai. Chai moja tu. Nikakutana na mtu ninayemfahamu, mkajua wenyewe, dakika ishirini na tano hivi. Narudi nafungua kifuniko, maji yanachemka midomo, yote imetoka nje inameza hewa, na wengine wameshageuka ubavu. Niliwasha injini nikaanza kuchota maji na ndoo na kuyamwaga kutoka juu kama kichaa, mikono ikaisha nguvu, watu wamesimama wananiangalia. Tangu siku hiyo betri ya pampu ni ya kwake peke yake, na mtungi mdogo wa akiba na reguleta yake uko nyuma ya kiti. Chai nakunywa nikiwa nimesimama karibu na tenki.

Enzi za zamani hakukuwa na pampu kabisa na watu walifika. Mwaka 1871 kule Marekani Seth Green, yule mtotoleshaji wa samaki wa New York, alipanda treni na samaki wachanga kama 12,000 wa aina inayoitwa shad, kwenye makopo manne ya maziwa, akavuka bara zima mpaka mto Sacramento huko California, siku saba, akafika na kama 10,000 wazima. Mtungi hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni macho, na kubadilisha maji njiani alipopata maji mazuri. Mtu leo ana mtungi, ana boksi la barafu, ana simu, anapoteza nusu kwa safari ya masaa matano.

Twende kwenye kushusha, hapa ndipo nina hasira kidogo. Mfuko uliofungwa masaa kumi, samaki wamehema ndani, hewa ya ukaa imejaa na maji yamekuwa na asidi, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, imeshuka; kadiri asidi inavyozidi ndivyo namba inavyoshuka. Amonia nayo imejaa. Lakini amonia ina sura mbili, moja kali inayopenya matamvua na moja pole, na pH ndiyo inayoamua sura. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7 ile sura kali haifiki hata asilimia 1. pH 8, kama asilimia 5. pH 9, zaidi ya theluthi. Kwa hiyo ile asidi ya mfuko ilikuwa inawalinda bila mtu kujua. Sasa wewe unafika, unafungua mfuko, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na wewe umekaa unapiga picha na kuongeza vikombe vya maji ya bwawa taratibu kwa saa nzima kwa sababu uliambiwa wazoeshe. Unawazoesha sumu! Kinachotakiwa: mfuko ukiwa bado umefungwa uelee juu ya bwawa dakika 20 mpaka 30, kivulini, joto lilingane. Ndio ufungue, uchanganye maji kidogo kwa dakika chache tu, watoke waende, na ukiweza wachote na wavu laini yale maji ya safari yasiingie bwawani. Wa tenki lenye pampu ni tofauti, pale hewa ya ukaa imekuwa ikitoka njia nzima, hao unaweza kuwabadilishia maji polepole bila wasiwasi.

Na bwawa lenyewe pimeni. Bwawa la kijani mchana wa jua kali linaweza kufika pH 9 na zaidi kwa sababu mwani unakula hewa ya ukaa yote, na lile lile bwawa kabla ya jua kuchomoza oksijeni iko chini kuliko muda wote kwa sababu mwani ulihema usiku kucha. Mimi nashusha asubuhi jua likishapanda kidogo, kabla maji hayajapata moto.

Nilisema maji ya safari yasiingie bwawani, sio kwa sababu ya amonia tu. Gari la samaki ni basi la magonjwa. Virusi vya tilapia vinavyoitwa TiLV vilielezwa na wanasayansi mwaka 2014 na tangu hapo vimekutwa kwenye mabara kadhaa, na virusi vya herpesi vya koi vilivyoanza kujulikana miaka ya mwisho ya 1990 vilizunguka dunia kwa njia hiyo hiyo, samaki hai wamebebwa na mtu. Tenki na nyavu vioshwe, vipigwe dawa ya klorini, visuuzwe, vianikwe juani vikauke kabisa kabla ya mzigo mwingine. Wageni wakae peke yao wiki mbili au tatu kabla hawajachanganywa na wenyeji. Na karatasi ya afya muombe muuzaji, akinuna nunua kwa mwingine.

Mama, swali lako sasa, ulisubiri sana. Anauliza siku ya kwanza awape chakula kiasi gani. Usiwape. Mpaka kesho yake, na hiyo kesho kidogo, kama robo ya kawaida, uone kama wanakuja kula. Alafu fanya kitu kimoja: kabla hujamwaga wote hesabu mia moja uwaweke kwenye hapa ndogo humo humo bwawani kwa siku tatu. Wakifa 3 unajua kule bwawani imekufa kama asilimia 3 hata kama huwaoni, manake wengi wanazama au wanaliwa na ndege. Wakifa 40 unapiga simu kwa muuzaji ukiwa na ushahidi mkononi, na hatakuambia habari za barabara.

Haya, mtungi uko kwenye gari, mifuko ninayo, na kuna vifaranga kwenye ndoo pale kivulini hawajala tangu jana. Tokeni wote nje, kila mmoja afunge wake nione.